Dawa ya Ndagala na Mizizi ya Vitunguu

Mtu akiniuliza kazi yangu, hujibu kwamba mimi ni mwalimu, kisha namwomba Mungu mtu huyo asiendelee. Akiendelea, nitalazimika kumwambia kwamba nachunguza namna seli zinavyoumia zikikutana na kemikali, dawa au mionzi. Ataniuliza seli za nani. Nami, kwa kuwa sijui kudanganya haraka, nitajibu: za kitunguu. Kuanzia hapo heshima yangu imekwisha. Hapa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, wananiita mganga wa vitunguu, na hao ni wale wanaonipenda.

Sikuanza hivi. Nilipokuwa mwanafunzi Lubumbashi niliona picha za maabara za mbali, ambako seli za binadamu hukuzwa ndani ya vichupa, katika kabati lenye joto kama la mwili. Watu wenye makoti meupe hutia tone la dawa katika kichupa kimoja, cha pili hukipiga mionzi, cha tatu hukiacha bila kitu, halafu huhesabu seli zilizo hai na zilizokufa. Nilijiona mle ndani nikiwa na koti langu. Niliporudi nyumbani na shahada yangu nikakuta kabati la namna hiyo linataka umeme usiokatika usiku wala mchana, na umeme wa kwetu huja bila kupiga hodi na kuondoka bila kuaga. Seli za binadamu zingekufa siku ya kwanza, na mimi ningekufa nazo kwa aibu.

Kitunguu hakiombi umeme. Unakikalisha juu ya glasi ya maji, kitako tu kikigusa, na baada ya siku mbili kimeshusha mizizi myeupe. Kwenye ncha ya kila mzizi seli zinagawanyika bila kupumzika. Asubuhi unaikata ncha, unailoweka katika spiriti na asidi, unailainisha, unaitia rangi nyekundu, kisha unaibana kati ya vioo viwili kwa kidole gumba. Chini ya hadubini, ambayo hapa tunaiita mikroskope, utaona nyuzi za urithi. Seli inapotaka kugawanyika, nyuzi hujipanga katikati, halafu nusu huvutwa huku na nusu kule. Maji yakiwa na sumu, nyuzi hugandamana, hukatika, au moja huachwa njiani, na seli nyingi hukataa kugawanyika kabisa. Kitunguu hakijui uongo. Anayejua uongo ni yule anayekisoma.

Wanafunzi wangu wamejaribu kila kitu. Wamejaribu kahawa, tumbaku, vidonge vya malaria vilivyosagwa, na jiwe kutoka machimbo ya Manono ambalo mmoja wao aliapa kwamba lina mionzi. Jiwe halikufanya lolote ila kuchafua maji. Mwaka mmoja tulibeba vitunguu hadi chumba cha picha cha hospitali, tukamwomba fundi wa mashine avipige mionzi. Alivipanga mezani vizuri, akatazama karatasi yetu, akatuuliza kwa heshima zote kitunguu kimevunjika wapi.

Lakini wanafunzi huja alasiri moja tu kwa juma. Siku nyingine maabara ni yangu peke yangu. Ni chumba kimoja mwishoni mwa shule, na dirisha lake linatazama njia ya kushuka ufuoni. Hadubini yangu ni ya zamani, inatumia kioo kukusanya mwanga wa jua, kwa hiyo mchana kukiwa na mawingu sina kazi, na jua likitua sina kazi. Nyumbani nako, mke wangu alikwenda Lubumbashi kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Alisema miezi mitatu. Sasa ni mwaka wa nne. Hatukugombana. Wajukuu wameongezeka, safari ni ndefu, na kila Jumapili tunazungumza kwa simu kama wafanyakazi wa stesheni mbili za reli wanaoulizana kama gari limepita. Vyumba vinne, na mimi mmoja. Wahenga walisema upweke ni uvundo, na mimi niliwaamini tangu siku nilipojikuta namweleza kitunguu habari za redio.

Mtu pekee aliyesimama dirishani kwangu alikuwa jirani yangu, mama mmoja mjane, mwanakwaya, wa familia za hapa ziwani ambazo zimeshika nyavu tangu babu wa babu. Kazi yake ni kununua ndagala wabichi alfajiri, wale samaki wadogo ambao ng'ambo Kigoma wanawaita dagaa, kuwaanika juu ya mchanga na kuwauza wakavu. Kila asubuhi alipita njia ile na beseni lake. Mara ya kwanza alisimama kwa sababu aliniona nimefumba jicho moja, akadhani nimeumwa na nyuki.

“Papa, unatafuta nini mule ndani?” aliuliza.

Nilikuwa tayari kumjibu kwa ukali, maana nina tabia hiyo, watu wakinikatiza nikihesabu. Lakini alikuwa ameshaweka beseni chini. Nikamwambia aingie atazame mwenyewe. Mlango niliuacha wazi kabisa, mji ni mdogo na midomo ni mipana. Alitazama muda mrefu. Wanafunzi wangu hutazama sekunde mbili na kusema wameona. Yeye alitazama mpaka nikaanza kupata wivu.

“Hii moja imegawana muzuri,” alisema. “Kama watoto wa muntu mumoja wanagawana shamba bila kugombana. Lakini hii ya pembeni, hapana. Huko kuko mashindano.”

Ile ya pembeni ilikuwa na uzi uliokatika. Nilikuwa nimeipita mara tatu bila kuiona.

Tangu siku hiyo alisimama karibu kila asubuhi, dakika tano, dakika kumi. Alinieleza upepo wa jana na nani ameolewa, mimi nikamweleza kilichomo glasini. Jumapili baada ya ibada alinitumia bukari, ugali wa kwetu, na ndagala wa kukaanga, akisema mwanamume anayepika peke yake hula chumvi tu. Sitaficha: nilianza kuchana nywele kabla ya kwenda kazini. Haikuwa mapenzi, au kama yalikuwa, yalikuwa yale ya mtu aliyesahau sauti ya hodi na ghafla akaisikia.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya kwa waanikaji. Ndagala hawakauki bila jua. Wanalala mchangani wamelowa, inzi wanataga, na baada ya juma moja gunia zima linatembea. Ndipo mtu fulani akaleta ufuoni unga wa kuua wadudu, umefungwa katika vifuko vidogo visivyo na maandishi. Ukiunyunyiza kidogo tu, hakuna inzi anayetua. Wanawake waliupokea kwa furaha. Jirani yangu naye aliutumia, lakini moyo wake haukutulia, na asubuhi moja alikuja dirishani bila kucheka.

“Papa, hii dawa tunawekaka ku ndagala,” alisema, akanionyesha kifuko ndani ya kiganja. “Wenzangu wanasema haina kitu. Muuzaji anasema haina kitu. Mimi ninaona inzi anakufa, najiuliza: inaua inzi, inaacha muntu? Weka ku vitunguu vyako. Mimi nitaamini wewe.”

Nimefundisha miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuniambia maneno hayo matatu ya mwisho. Nilimwambia nitafanya. Nilimweleza pia, kwa kuwa hilo nilikuwa bado na akili ya kulisema, kwamba seli ya kitunguu si seli ya mtoto, na kwamba kitunguu kinaweza tu kutuambia tujihadhari au tusiogope sana. Alisema hiyo inamtosha. Kama dawa ni mbaya, ataacha, na watakaooza waoze.

Mpango ulikuwa rahisi. Vitunguu vitano juu ya maji ambayo ndagala wenye dawa wamelowekwa. Vitunguu vitano juu ya maji matupu. Hayo maji matupu ndiyo shahidi. Bila shahidi hujui kama ubaya umetoka kwa dawa au umetoka kwa kitunguu chenyewe, kwa joto, kwa mkono wako. Ni jambo la kwanza ninalowafundisha wanafunzi, na nalifundisha kwa kupiga meza.

Tatizo lilikuwa robine, bomba la maji la shule. Ilikuwa imekauka majuma mawili. Nilimtajia hilo tu kama malalamiko, kama ninavyolalamikia kila kitu. Kesho yake asubuhi alifika na bidoni kichwani, dumu la lita ishirini, shingo imenyooka, jasho linamtiririka.

“Maji ya kazi yetu njo hii,” alisema.

Alisema yetu. Nilipokea bidoni ile kwa mikono miwili, na sikuuliza ilitoka wapi wala imepitia wapi. Nilikuwa na umri wa kutosha kuuliza.

Vitunguu vilikaa siku tatu, nikibadilisha maji kila asubuhi kutoka bidoni ile na nyingine mbili alizoleta baadaye. Siku ya nne nilikata ncha. Mizizi ilikuwa mifupi pande zote mbili. Chini ya hadubini seli zilizokuwa zikigawanyika zilikuwa chache pande zote mbili, na nyuzi zilizogandamana zilikuwepo pande zote mbili, karibu sawasawa. Nilihesabu seli elfu moja huku na elfu moja kule. Tofauti haikuwepo.

Mwanafunzi angeniletea matokeo kama hayo, ningemrudishia daftari. Ningemwambia: bwana mdogo, shahidi wako ni mgonjwa, utamwaminije? Mizizi ya maji matupu inatakiwa iwe mirefu, inyooke, seli zigawanyike kwa wingi. Nililiona hilo. Ninaandika hapa wazi kwamba nililiona. Nikajiambia vitunguu ni vya mwisho wa msimu, vimezeeka sokoni. Nikajiambia ni baridi ya mvua. Ukweli ni kwamba nilimsikia tayari akishuka njiani, anaimba ule wimbo wa kwaya anaoupenda, na nilitaka kumpa kitu kizuri.

“Dawa haizidi maji,” nilimwambia. “Kitunguu hakikuona tofauti.”

Alipiga makofi. Alimshukuru Mungu kwa jina, halafu akanishukuru mimi, kwa mpangilio huo. Alishuka ufuoni akawaambia wenzake wote kwamba Papa wa mikroskope ametazama na hakuona kitu. Jioni ile wanawake watatu nisiowajua walinisalimu barabarani kwa adabu. Wale waliokuwa na mashaka nao walianza kunyunyiza. Mimi mwenyewe nilikula ndagala wao Jumapili, nikamaliza sahani, nikalamba vidole.

Ule ulikuwa mwezi mzuri kuliko yote tangu mke wangu aondoke. Jirani yangu alikuwa akikaa nusu saa nzima. Alinieleza habari za marehemu mumewe, kuli wa bandarini aliyeogopa maji. Nilimweleza mambo ya mke wangu ambayo sikuwahi kumwambia mtu, hata padri. Nilicheka kwa sauti mpaka mlinzi wa shule akaja kuangalia kuna nini.

Kisha akaenda Manono. Kule wachimbaji ni wengi na samaki ni wa shida, na binti yake ameolewa hukohuko. Aliondoka juu ya lori na magunia yake ya ndagala, akasema atakaa majuma mawili au matatu, kulingana na barabara. Siku ya kwanza nilijiambia sasa nitafanya kazi kwa utulivu. Siku ya tatu nilikuwa nasikiliza njia badala ya kuhesabu.

Robine ilikuwa bado kavu, na sasa hapakuwa na wa kuniletea maji. Nikachukua bidoni tupu, nikashuka mwenyewe. Ni jambo la kuchekesha kwamba mtu azaliwe Kalemie, mwana wa mfanyakazi wa reli, na asiteke maji ziwani kwa miaka thelathini, lakini nyumbani nilikuwa na kisima cha jirani na shuleni robine. Nilijaza bidoni yangu. Nilipotaka kuipandisha, mama mmoja aliyevaa gileti, kizibao cha wahudumu wa afya, aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya turubai dogo, na mbele yake watu wamepanga foleni na bidoni zao. Mkononi alikuwa na bomba la sindano lisilo na sindano. Alivuta maji kutoka ndoo ndogo, akayatia katika kila bidoni iliyopita.

“Papa, huku kwanza,” alisema. “Hakuna mutu anapitaka bila klore. Kipindupindu hakina rafiki.”

Nilijua kwamba watu hawa wa dawa ya maji wapo. Kila mtu wa Kalemie anajua, tumezika wengi kwa ugonjwa ule. Nilikuwa nimewapita mara elfu bila kuwatazama. Nilimsogezea bidoni, akatia, akafunga kifuniko.

“Unatia kiasi gani?” nilimuuliza.

“Inategemea. Mvua ikinyesha, ziwa iko na matope, naongeza.”

“Na majuma yale ya mvua kubwa?”

“Njo tulitia mingi sana. Kwa nini, Papa? Inakuumiza tumbo?”

Nilisimama pale, foleni nyuma yangu ikinipigia kelele nitoke njiani. Hakuna mwanamke wa mji huu ambaye angembebea mtu anayemjali maji ya ziwa bila kuyapitisha pale kwanza. Jirani yangu alipanga foleni, bidoni baada ya bidoni, kwa wema wake. Na klore ile, inayoua vijidudu vya kipindupindu, ndiyo iliyochoma mizizi ya shahidi wangu. Kwenye glasi za ndagala klore haikuwa na kazi, maana mafuta na uchafu wa samaki huimaliza mara moja. Kule dawa ilifanya ubaya wake peke yake. Klore iliharibu huku, dawa iliharibu kule, na mimi mjinga nikaweka mizani katikati na kusema pande zote ziko sawa.

Ningeweza kusema pua ingeniambia. Pua yangu imekufa zamani kwa mvuke wa asidi. Na hata ingekuwa hai, siku zile sikutaka kuambiwa kitu.

Nilirudia kazi yote. Nilikinga maji ya mvua kutoka bati la shule. Safari hii niliweka makundi manne: mvua tupu, mvua yenye klore, mvua na ndagala wasio na dawa, mvua na ndagala wenye dawa. Nilikaa na vile vitunguu kama mtu anayeuguza. Siku ya nne kundi la mvua tupu lilikuwa na mizizi mirefu kama kidole. Ndagala wasio na dawa, mizizi ilipungua kidogo tu. Klore, mizizi mifupi. Ndagala wenye dawa, mizizi ilikuwa vinundu, na chini ya hadubini nililazimika kutafuta sana kabla ya kuona hata seli moja inayogawanyika. Nilipoipata, nyuzi zake zilikuwa zimemeguka vipandevipande. Nilitazama mpaka wingu likafunika jua.

Nilikuwa na namba ya simu ya jirani yangu. Manono kuna mtandao. Ninalisema hili mapema kwa sababu baadaye nilijitafutia visingizio vingi, na hicho hakimo.

Siku ileile sikumpigia. Nilisema jambo zito halisemwi kwa simu. Kesho yake nilisema lazima nihesabu tena. Nilihesabu tena. Siku ya tatu nilipiga. Alipokea kwa furaha kiasi kwamba nililazimika kuiondoa simu sikioni.

“Papa! Kumbe unanikumbuka? Huku tuko muzuri. Watu wanapenda ndagala yangu, wanasema haina hata mududu mumoja. Na huyu mujukuu wangu, wee, anakula kama mwanajeshi. Sikia, sikia vile anatafuna!”

Nilisikia. Au nilisikia kelele za mtandao na nikadhani nasikia. Nilifungua mdomo. Nilimuuliza barabara ikoje. Aliniambia barabara imekufa, malori yanalala matopeni. Nikamwambia amsalimie binti yake. Nikakata simu, nikakaa kitandani na viatu miguuni.

Nilijua nini kingetokea nikisema. Angenyamaza, na asubuhi zangu zingerudi zilivyokuwa. Niliwaza hivyo, si kuhusu mtoto. Niliwaza kuhusu dirisha langu. Nikajituliza kwa yale maneno ya kitaalamu: seli ya kitunguu si seli ya mtoto, kiasi ni kidogo, haijathibitishwa. Yote ni kweli. Mtu anaweza kujificha ndani ya maneno ya kweli siku nyingi. Mimi nilijificha humo siku nane baada ya simu ile.

Alirudi siku ya tisa, miguu imevimba kwa safari, na alikuja dirishani kabla hata hajaoga. Alikuwa ameniletea asali ya kule katika chupa ya maji. Nilimwambia aingie akae. Vitunguu vyote nilikuwa nimevitunza, na vioo nilikuwa nimevipanga. Nilimweleza kama ninavyofundisha, hatua kwa hatua, maana bila hivyo ningeshindwa. Alitazama hadubini kundi moja baada ya jingine. Kwenye kundi la mwisho hakukaa muda mrefu.

“Kumbe njo maji yangu,” alisema. “Mimi njo nilikudanganya.”

“Hapana, Mama. Maji yako yalikuwa mazuri. Kosa ni la yule asiyeuliza.”

Alicheka kidogo. Nakumbuka hivyo, kwa sababu nilivuta pumzi. Alisema hata mafundi hukata nguo vibaya. Alisema tutawaambia wenzake ufuoni, watatukana kidogo, halafu watazoea kuanika kwenye vichanja na kutia chumvi nyingi kama mama zao. Alisema tutawaambia. Nilianza kuamini kwamba nimepona.

Kisha akatazama tena glasi mezani. Ile mizizi ya mvua tupu ilikuwa imezeeka, imegeuka rangi ya chai. Yeye ni mwanamke wa kuanika vitu. Anajua kwa macho kitu kimekaa siku ngapi.

“Hii vitunguu si vya jana,” alisema. “Ulijua lini, Papa?”

Nilimwambia.

“Siku ile ulinipigia simu, ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Mutoto alikuwa ku magoti yangu,” alisema polepole. “Alikuwa anakula. Nilikuambia sikia.”

Nilitaka kumwambia kwamba niliogopa hatakuja tena, lakini nilipolipima neno hilo kichwani likawa dogo mno mbele ya mtoto anayetafuna. Alitoa simu yake ndani ya kitambaa kiunoni, akampigia binti yake palepale, amesimama kati ya meza na mlango.

“Mama, ile ndagala nilikuachia, usimupikie mutoto tena. Mwanga yote, tupa. Hapana, usiuzishe, usimupe jirani, chimba shimo umwange. Ndiyo, dawa iko mubaya. Mutoto anacheza? Muzuri. Mwanga sasa, ninangoja.”

Alingoja, akasikia, akaaga, akafunga simu. Sikutazama saa, lakini kulisema neno lenyewe hakukumchukua hata dakika moja.

Akachukua beseni lake akashuka ufuoni. Niliambiwa baadaye na mlinzi aliyekuwepo kwamba alisimama mbele ya wanawake wote na kusema dawa ni mbaya, kwamba kosa lilikuwa la maji, na kwamba Papa wa mikroskope mwenyewe ndiye aliyeligundua na kulitangaza. La simu hakulisema. Walipiga kelele, wawili watatu walinitukana, wengine bado wananyunyiza kwa siri mvua ikizidi, lakini wengi waliacha. Wakinikuta barabarani bado wananisalimu kwa adabu. Mwaka huu mmoja wao aliniletea kifuko kingine cha unga mwingine nikipime, na kabla sijafungua mdomo akaniambia amenikingia maji ya mvua.

Mjukuu ni mzima. Namuuliza mlinzi, mlinzi anamuuliza bibi yake, jibu linarudi kwa njia hiyohiyo.

Jirani yangu bado anapita kila asubuhi. Anasema, “Jambo, Papa,” nami naitikia, “Jambo, Mama,” na hatua zake hazipungui wala haziongezeki. Ninamkosa kuliko nilivyowahi kumkosa mtu aliye hai. Ningependa kumwomba msamaha kwa siku zile nane, si kwa maji, na nimelitunga neno langu vizuri, fupi, lisilo na utaalamu wowote. Kila asubuhi nalishika mdomoni nikimsikia anakuja, na kila asubuhi, ninapoanza kulitamka, ameshapita.